Alama ya Kutoa Mbele ya Mabano

Watu wakisikia kwamba nilisoma enzi za Wajerumani huniuliza habari za viboko. Viboko vilikuwepo, sina la kuongeza. Mimi nakumbuka zaidi hesabu za herufi, na hizo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Misheni yetu ilikuwa kwenye miteremko ya Meru, upande wa migomba na maji mengi. Palikuwa na kanisa, nyumba ya mmisionari, shule ya chumba kimoja, na kitalu cha kahawa alichokipenda mwenyewe kuliko alivyowapenda baadhi ya waumini. Mmisionari tulimwita Bwana, kama kila Mzungu alivyoitwa, ila yeye tulimwita hivyo bila kinyongo. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu katika habari hii kuna kosa lake moja, na sitaki msomaji aharakishe kumtupia lawama zote.

Asubuhi shule ilifundisha kusoma, kuandika, kuimba na habari za Biblia. Hesabu za herufi hazikuwemo katika ratiba. Bwana alizifundisha alasiri, kwa watu wawili tu, kwa sababu alizionea raha. Alikuwa na kitabu chembamba alichokuja nacho kutoka kwao, chenye maswali mbele na majibu nyuma, na hakuruhusu mtu mwingine akishike.

Watu wawili hao tulikuwa mimi na mwenzangu mmoja Mwarusha. Tusidhaniwe watoto, tulikuwa na ndevu tayari, na asubuhi sisi ndio tuliowafundisha wadogo herufi. Mimi Mmeru, nyumbani kwetu palikuwa karibu na misheni kiasi kwamba kengele ya kanisa iliamsha kuku wetu. Yeye alitoka upande wa magharibi wa mlima, mwendo wa kupita Sekei na kuvuka mto Themi, kwa watu wa mahindi na ng'ombe. Yeye alizungumza Kimaa, mimi Kimeru, kwa hiyo tulikutana katika Kiswahili, ambacho kilikuwa cha kujifunza kwetu sote wawili. Labda ndiyo maana hatukuwahi kugombana. Hakuna aliyekuwa na maneno ya kutosha.

Somo lililotushika kwa miezi mingi lilikuwa la kuvunja mafungu marefu ya herufi na namba yawe mafupi. Unatafuta kitu ambacho kila kipande kinacho, yaani kigawo kikubwa cha shirika, unakichomoa, unakiweka mbele ya mabano, na ndani ya mabano unaacha kilichobaki. Ukipewa 12ax + 18ay, vipande vyote viwili vina a, na kumi na mbili na kumi na nane zote zinagawanyika kwa sita. Basi unachomoa 6a, ndani zinabaki 2x + 3y. Ni rahisi, na sisi tulilikosea karibu mwezi mzima.

Mimi nilichomoa mbili. Mwenzangu alichomoa tatu. Bwana akauliza, "Kwa nini mbili?" Nikajibu kwamba zinagawanyika kwa mbili, Bwana. "Na kwa sita je?" Na kwa sita pia, Bwana. Alitutazama kwa zamu, akashindwa kutuelewa. Tuliiona sita tangu mwanzo. Lakini kwetu, na kwa Waarusha pia, mtu mwenye malezi hanyooshi mkono kwenye finyango ya nyama kubwa kuliko zote mbele ya mwenyeji. Unachukua ndogo, ukihimizwa unaongeza. Tulikuwa tunamwonyesha Bwana adabu, naye aliona uzito wa kichwa.

Siku moja akapiga meza. "Chukueni kubwa! Hapa hakuna mgeni wala mwenyeji!" Alikuwa na sababu ya kupiga meza, kwa maana tulikuwa tumefika kwenye maswali ya vipande vinne, na pale adabu yetu ilivuruga kila kitu. Swali la vipande vinne, kwa mfano 12ax + 18ay + 10bx + 15by, halina kitu kinachoshirikiwa na vyote vinne. Unavigawa viwiliviwili. Katika jozi ya kwanza unachomoa 6a, yanabaki mabano ya 2x + 3y. Katika jozi ya pili unachomoa 5b, yanabaki mabano yaleyale. Sasa mabano yenyewe yamekuwa kitu cha shirika, nayo unayachomoa: (2x + 3y)(6a + 5b). Lakini ukiona haya, ukachomoa 2a badala ya 6a, mabano ya kwanza yanakuwa 6x + 9y, ya pili yanabaki 2x + 3y, hayafanani, na kazi inalala hapo. Nilipoelewa hivyo niliacha haya mara moja. Mwenzangu alichukua siku nyingi zaidi.

Yeye alikuwa na tabia nyingine pia. Kwao ng'ombe hawahesabiwi. Kutaja hesabu ya mifugo, au ya watoto, ni kuyaita mabaya, na mtu mwenye akili zake hafanyi hivyo. Ng'ombe wakirudi, mwenyewe anasimama langoni pa boma anaangalia rangi, pembe na madoa, na jicho linamwambia nani hayupo. "Sisi hatuwatafuti waliopo," aliniambia. "Waliopo wapo. Tunamtafuta aliyepungua." Basi hata kwenye kibao jicho lake lilikwenda kwanza kwenye alama ya kutoa. Fungu likiwa na kutoa popote, yeye alitaka kuchomoa hiyo alama kabla ya kitu kingine chochote, hata pale kipande cha kwanza kilipokuwa cha kujumlisha. Bwana, aliyekuwa akikaa katikati yetu na kufuata mstari kwa mstari, alimzuia kila mara pale mwanzoni. "Anza na kilicho mbele yako," alimwambia. Mwenzangu alifuta, akaanza upya kwa njia ya Bwana. Kwa hiyo katika miezi yote ile hatukuwahi kuona swali hata moja alilolimaliza kwa njia yake mwenyewe.

Kisha ikaja barua kutoka chuo cha walimu, upande wa Kilimanjaro. Walitaka mtu mmoja kutoka kwetu, mtu wa kusoma miaka miwili na kurudi mwalimu kamili. Bwana alisema atatupa maswali sita ya herufi, atakayezidi ndiye atakayekwenda.

Ni lazima niseme hali ya kila mmoja wetu ilivyokuwa. Mimi nikikosa ningebaki misheni kama nilivyokuwa, nikingoja barua nyingine ya mwaka mwingine. Baba yangu alikuwa amebatizwa, na kwetu shule haikuwa na upinzani. Mwenzangu baba yake hakutaka kusikia habari za misheni. Mama yake ndiye aliyemwombea muda, na muda ule ulikuwa unakwisha kiangazi hicho. Akichaguliwa, mzee alikuwa amekubali kunyamaza. Asipochaguliwa, angerudi nyumbani kushika ng'ombe, na shule ingekuwa imekwisha, si kwa mwaka ule tu. Yeye mwenyewe aliniambia haya tukiwa tunaosha vibao kwenye mfereji. Alisema, "Wewe una mwaka mwingine. Mimi sina." Hakusema ili nimwonee huruma, alikuwa anaeleza tu jinsi mambo yalivyo. Nilimjibu kwamba Mungu yupo.

Siku ya maswali Bwana alikuwa ametoka kuugua homa, macho bado ya manjano. Kila mmoja wetu alikuwa na kibao kimoja, kwa hiyo tulifanya swali moja, tukaonyesha, Bwana akaweka alama kwenye karatasi yake, tukafuta, tukaendelea. Baada ya maswali matano tulikuwa sawa. Wote tulikosa moja, lilelile.

La sita aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa: 6ax − 9ay − 4bx + 6by.

Nilianza na kilicho mbele yangu. Jozi ya kwanza, 3a, mabano 2x − 3y. Jozi ya pili ilikuwa na mtego, kwa sababu inaanza na kutoa, na mtu akichomoa 2b tupu mabano yanatoka kinyume. Nikachomoa kutoa 2b, mabano yakafanana. Nikaandika (2x − 3y)(3a − 2b), nikapeleka. Bwana aliangalia kibao, akaangalia nyuma ya kitabu, akaweka alama ya kupata.

Mwenzangu alichelewa kidogo. Safari hii hapakuwa na mtu wa kumzuia. Alichomoa kutoa mwanzoni kabisa, kutoa 3a, ndani zikabaki 3y − 2x. Jozi ya pili akachomoa 2b, ndani 3y − 2x vilevile. Akaandika (3y − 2x)(2b − 3a), akapeleka. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake.

Bwana aliangalia kibao, akaangalia kitabu. Akaangalia kibao tena. "Hapana," alisema. "Umegeuza kila kitu." Akaweka alama ya kukosa kwenye karatasi. Alisema kwa masikitiko, nadhani; alikuwa anampenda.

Nilizidisha kichwani. Haikuchukua muda mrefu zaidi ya kufunga kifungo cha shati. 3y mara 2b, ni 6by. 3y mara kutoa 3a, ni kutoa 9ay. Kutoa 2x mara 2b, ni kutoa 4bx. Kutoa 2x mara kutoa 3a, ni 6ax. Vyote vinne vilikuwepo, kila kimoja na alama yake. Mabano yote mawili yalikuwa yamegeuzwa, na ukigeuza yote mawili hukugeuza kitu. Jibu lake lilikuwa jibu langu. Nilijua hilo wakati kibao kilikuwa bado mezani na maandishi bado juu yake, na ningeweza kusema kwa maneno matatu.

Mwenzangu akachukua kitambaa akafuta, kwa mazoea, kama tulivyofuta yale matano ya kwanza. Mimi nilifurahi. Nimejaribu miaka mingi kutafuta neno jingine la kile nilichokisikia pale, na halipo. Nilifurahi.

Kesho yake asubuhi alikuja kwetu kuaga, kifurushi begani. Mama alimpa ndizi za kuchoma za njiani. Tulipofika kwenye njia ya kuteremkia akasimama.

"Ndugu yangu, nilikosea wapi?"

"Alama," nikamwambia. "Ulichanganya alama ya kutoa."

Alitikisa kichwa polepole, akikubali. "Basi ni lile jicho langu la ng'ombe," akasema. "Bwana alinikanya mara nyingi." Kisha akateremka. Alikuwa na mwendo mrefu, wa watu wa kwao, na muda si muda migomba ilimficha.

Chuoni nilikaa miaka miwili. Sina mengi ya kusimulia. Nilikula vizuri, nikajifunza kinanda na Kijerumani, nikarudi na koti. Nilipewa shule ndogo chini ya misheni, yenye wanafunzi ishirini na kitu, na nilikuwa mwalimu mkali. Nilifundisha hesabu za kawaida tu. Za herufi hakuna aliyenitaka nizifundishe, nami sikujitolea.

Mwaka wa kwanza wa kazi nilikata shauri kwenda kwake nimwambie. Sijui kwa nini mwaka ule. Labda koti lilikuwa limenizidi uzito. Nilikwenda kwa miguu, nikavuka Themi, nikapitia boma la Wajerumani pale mjini ambako askari walikuwa wakifanya gwaride, nikaendelea magharibi mpaka nilipoona maboma ya miiba. Nilimkuta amesimama na ndama. "Supai," akaniambia, akicheka tangu mbali. "Ipa," nikajibu, na hapo Kimaa changu kikawa kimekwisha.

Alikuwa ameoa. Baba yake alikuwa amefariki, mifugo yote iko mikononi mwake. Mkewe alituletea maziwa, tukakaa kwenye ngozi nje ya nyumba, na kabla sijafungua mdomo yeye akaanza.

"Nilikuwa nakungoja wewe. Lile jibu langu lilikuwa sawa."

Akamwaga mawe madogo juu ya ngozi kutoka kwenye kifuko. Alisema msimu wa mvua, ng'ombe wakiwa karibu, alikuwa na muda wa kufikiri. Herufi alizigeuza kuwa namba: a moja, b tatu, x moja, y mbili. Akazipanga mbele yangu. Swali zima linaleta kumi na mbili. Mabano yake, nne mara tatu, kumi na mbili. "La kwako nalo linaleta kumi na mbili," akasema, "lakini linashuka chini ya sifuri kwanza ndipo lirudi. Langu linakwenda moja kwa moja." Alikuwa anacheka. Nilimwambia ni kweli.

"Bwana alikosea," akaendelea. "Alikuwa na homa. Na wewe pia ulikosea, uliponiambia nimechanganya alama. Sikukulaumu. Wote tulikuwa tumechoka siku ile." Akaanza kurudisha mawe kwenye kifuko. "Wewe uligundua lini?"

Nilikuwa nimetembea kutwa nzima kwenda kujibu swali hilo.

"Chuoni," nikasema. "Mwaka wa pili."

"Na umekuja mpaka huku kuniambia!" Akamwita mkewe, akamwambia kwa Kimaa maneno marefu, na yule mama akanitazama kwa heshima ambayo sikuweza kuivumilia, nikainamia maziwa. Kisha akageuka tena kwangu, sasa bila kicheko.

"Nina ombi moja tu, mwalimu. Mwambie Bwana. Chuo sikitaki tena, nina watu hapa wa kuwalisha. Nataka tu ajue kwamba sikukosea. Siku ile alinitazama kama mtu aliyepoteza muda wake kwangu."

Nikaahidi. Nilikuwa na nia, na nia yangu ilidumu mpaka Themi.

Nilimwendea Bwana mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa kwenye kitalu chake, ameinamia miche, akanyanyuka akafurahi, akaniita mwalimu wake wa kwanza. Nilizungumza naye habari za chaki. Mara ya pili palikuwa na wageni. Mara ya tatu hapakuwa na mgeni wala kitalu, tulikaa barazani saa nzima, akaniuliza mwenyewe, "Yule mwenzako Mwarusha, hajambo?" Nikasema hajambo, ana ng'ombe wengi. Akasema ni masikitiko, alikuwa na kichwa, ila hakuwa makini. Hapo ndipo pa kusema. Lakini nikisema jibu lilikuwa sahihi, Bwana angekumbuka kwamba nilikuwa nimesimama nyuma ya bega, na mtu aliyenifundisha mwenyewe kuzidisha mabano angejua nilihitaji muda gani. Nikasema kweli Bwana, hakuwa makini.

Vita vikaja. Tulivisikia kwa muda mrefu kabla ya kuviona. Wapagazi walichukuliwa, mahindi yalichukuliwa, na mwisho Wajerumani wa bomani waliondoka na Waingereza wakaingia mjini kana kwamba walikuwa wamepakodi. Hawakukawia kuwakusanya Wajerumani waliobaki. Bwana alichukuliwa pamoja na wenzake, akiwa na sanduku moja. Nilisimama njiani pamoja na waumini wengine. Alinipa mkono. Sikumwona tena.

Ilikuwa wiki chache baadaye, mchana, nilipomkuta mwenzangu kwenye kivuko cha Themi akinywesha ng'ombe. Alikuwa amekonda, vita vilikuwa vimemwachia mifugo michache. Tulisalimiana, tukaulizana waliokufa. Kisha akaniuliza kama ni kweli Wazungu wetu wameondolewa wote. Nikasema wote. Akaangalia maji.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

Aligeuka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Akasemaje?"

Sikuwa nimejiandaa. Nilitazama ng'ombe, nikasema kitu cha kwanza kilichokuja. "Alisema: jibu lilikuwa sahihi, kosa lilikuwa langu."

"Alisema hivyo? Kosa langu?"

"Alisema hivyo."

Machozi yalimtoka, mtu mzima mwenye watoto, mbele ya wachungaji wake, wala hakuyafuta. Akaniambia sasa ana neno la kuwaambia wanawe. Lakini alitaka kuwa nalo kama lilivyotamkwa. Akaniomba niliseme kwa Kijerumani, vilevile Bwana alivyolisema. Nikalisema. Akalirudia taratibu, neno kwa neno, akakosea mara mbili, nami nikamsahihisha mpaka akaliweza.